Mkono uleule unashika yai na unafungua kifuniko kilichokaza: nguvu inapimwaje?

Tukiongelea nguvu macho yanakimbilia msuli, fulani ana mikono minene basi ana nguvu, na si uongo, uzi mnene wa msuli unavuta kuliko mwembamba. Ila kuna swali moja ambalo unene hauwezi kulijibu hata kidogo. Mkono uleule, misuli ileile, unashika yai halipasuki, halafu dakika hiyohiyo unafungua kifuniko kilichokaza mpaka vidole vinauma. Msuli haujanenepa hapo katikati. Sasa nani kaongeza, na kaongeza nini?

Swali linanoga zaidi ukijua kwamba neva haina lugha ya "kidogo kidogo". Yaani haitumi umeme mdogo ikitaka nguvu ndogo na umeme mkubwa ikitaka nguvu kubwa, hapana, mpigo wa umeme unaotembea kwenye neva kwenda kwenye msuli ni uleule kila mara, ama umepita ama haujapita. Basi ndiyo hivyo, una kifaa ambacho kila kipande chake kinapokea "ndiyo" au kimya tu, na bado kinakupa nguvu ya kila kiwango, kuanzia kugusa unyoya hadi kuinua mzigo. Makala hii yote ni kuhusu hilo, mengine ni maelezo ya pembeni.

Tuanze na njia yenyewe. Ukiamua kukunja kiwiko, amri inatoka kwenye tabaka la juu la ubongo, sehemu inayoshughulika na mwendo, inashuka hadi ndani ya uti wa mgongo na huko inakutana na seli zinazoitwa neuroni za mwendo. Hizi ndizo za mwisho kwenye mnyororo, baada yao hakuna tena mjumbe mwingine, ni msuli tu. Kila moja ina mkia mrefu unaotoka uti wa mgongo mpaka kwenye msuli wenyewe, na mkia wa kwenda kwenye nyayo unaweza kufika karibu mita moja, seli moja hiyo, urefu huo. Umeme unapita humo kwa kasi ya mita kama 50 au 60 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka mgongoni mpaka mguuni ni kama milisekunde 20, hata kope haijamaliza kupepesa.

Mkia ukifika kwenye msuli unagawanyika matawi, kila tawi linashika uzi mmoja wa msuli. Neuroni moja pamoja na nyuzi zote inazozimiliki ni kitu kimoja, nitaviita vikosi ili tusichoshane, na wazo hili lilipewa jina lake la kitaalamu, motor unit, na watafiti Sherrington na mwenzake Liddell mwaka 1925. Ndani ya kikosi hakuna mjadala, neuroni ikisema ndiyo nyuzi zote zinavuta, hakuna uzi unaobaki nyuma, na katika mwili wa mtu mzima mwenye afya kila uzi una bosi mmoja tu. Ukubwa wa vikosi ndio unaotofautiana sana. Misuli inayozungusha jicho ina vikosi vya nyuzi kama 10 tu kila kimoja, kwa sababu jicho linahitaji kusogea kwa vipimo vidogo mno, wakati misuli mikubwa ya nyuma ya mguu, chini ya goti, inaweza kuwa na kikosi chenye nyuzi zaidi ya 1000, huko kazi ni kusukuma mwili mzima, haina haja ya udogo huo.

Sasa pale neva inapokutana na uzi, watu wengi wanadhani umeme unaruka tu kuingia kwenye msuli kama waya na waya. Haurukii. Kuna mwanya, mdogo sana, kama nanomita 50 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na umeme ukifika ukingoni unafungua milango ya kalsiamu, kalsiamu ikiingia inafanya vifuko vidogo vipasuke na kumwaga kemikali inaitwa asetilikolini, kila kifuko kina maelfu ya molekuli zake. Asetilikolini inavuka mwanya, inagusa vipokezi upande wa pili, vipokezi vinafunguka, sodiamu inaingia kwenye uzi, na hapo uzi wenyewe unawasha umeme wake mpya. Kwa mtu mwenye afya kemikali inayomwagwa ni nyingi kuliko inayohitajika, kuna ziada ya usalama, ndiyo maana kila mpigo wa neva unazaa mpigo mmoja kwenye uzi bila kukosa. Halafu pale pale kuna kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini ndani ya milisekunde chache, maana isipovunjwa msuli hauwezi kujua amri imeisha.

Mwanya huu mdogo unalengwa na sumu nyingi, na ukiziangalia moja moja unaona kila moja imechagua hatua yake. Sumu ya botulizimu inazuia vifuko visimwage. Kurare, iliyokuwa inapakwa kwenye mishale ya kuwindia huko Amerika Kusini, inakaa juu ya vipokezi na kuvifunika. Dawa nyingi za kuua wadudu za jamii ya oganofosfeti zinakikamata kile kimeng'enya, kwa hiyo kemikali inajaa, misuli inaanza kucheza cheza yenyewe halafu inalegea kabisa, ikiwemo ya kupumua, na ndiyo sababu maelekezo ya kuvaa kinga wakati wa kupuliza dawa hizo si urembo. Na kuna ugonjwa wa miasthenia gravisi ambapo kinga ya mwili wenyewe inashambulia vipokezi, ile ziada ya usalama inaisha, mgonjwa anaanza siku vizuri, halafu kadiri anavyotumia misuli kope zinashuka, sauti inafifia. Msuli wake ni mzima, neva yake ni nzima, tatizo liko kwenye mwanya tu.

Haya, uzi umewaka. Umeme unakimbia juu ya uzi na kuzama ndani kupitia vijimfereji vinavyopenya mpaka katikati, na kazi ya vijimfereji hivyo ni kuhakikisha katikati ya uzi hakuchelewi kuliko pembeni. Umeme huo unafungua maghala ya kalsiamu yaliyomo ndani. Kalsiamu ikimwagika inashika protini iitwayo troponini, troponini inajikunja na kuisogeza protini nyingine ndefu, tropomiosini, ambayo muda wote ilikuwa imelala juu ya sehemu za kushikia. Sehemu zikiwa wazi vichwa vya protini iitwayo miosini vinashika nyuzinyuzi za protini nyingine, aktini, vinavuta, vinaachia, vinashika mbele kidogo, vinavuta tena, ni kama watu wanaovuta kamba kwa zamu, huyu akiachia kubadilisha mkono mwingine bado ameshika, kwa hiyo kamba hairudi. Kila mvuto wa kichwa kimoja ni nanomita chache tu. Lakini vichwa ni vingi mno, na vipande vya kuvutia vimepangwa mstari mmoja, kila kimoja kina urefu wa mikromita 2 na kidogo, milimita moja ya uzi ina kama 400 hadi 500, wote wakifupika kidogo kwa pamoja kano inaona mvuto mkubwa.

Kwamba aktini na miosini zinapishana badala ya kujikunja zenyewe ilijulikana mwaka 1954, na cha kuchekesha ni makundi mawili tofauti yalitoa matokeo kwenye toleo moja la jarida la Nature, na kila kundi lilikuwa na mtu anaitwa Huxley, Andrew na Hugh, wala si ndugu.

ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, hapa inaeleweka vibaya sana. Watu wanasema ATP ni ya kuvuta. Sawa, nishati ya mvuto inatoka huko, ila kichwa cha miosini kinahitaji ATP mpya ili kiachie. ATP ikiisha kabisa vichwa vinabaki vimeshika, na ndicho kinachotokea mtu akifariki, saa chache baadaye mwili unakakamaa, misuli haijapata amri yoyote, imekosa tu cha kuachilia. ATP nyingine inatumika kuirudisha kalsiamu ghalani. Kwa hiyo hata kulegea kuna gharama yake, si kupumzika kwa bure kama tunavyodhani.

Turudi kwenye swali la kiwango. Kuna njia mbili, na zote zinafanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni idadi ya vikosi. Ukitaka nguvu ndogo wanaitwa wachache, ukitaka nyingi wanaongezwa wengine. Hiyo mtu anaweza kuikisia mwenyewe, uzuri wake uko kwenye mpangilio. Vikosi haviitwi ovyo, vidogo vinaanza, vikubwa vinafuata, na wakati wa kuachia vikubwa vinatoka kwanza. Elwood Henneman alilionyesha hilo kwa paka mwaka 1957, na mpaka leo linaitwa kanuni ya ukubwa. Ubongo hausemi kikosi namba fulani njoo, namba fulani subiri. Mpangilio unatokana na ukubwa wa seli yenyewe. Neuroni ndogo ina eneo dogo la utando, mkondo uleule ukiingia volteji yake inapanda haraka, inafika kwenye kiwango cha kuwaka mapema. Neuroni kubwa mkondo huo unatawanyika, inahitaji zaidi. Basi ubongo unamwaga msukumo mmoja kwa kundi lote la neuroni za msuli huo, na wao wenyewe wanajipanga foleni kwa maumbile yao. Mimi nadhani hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote kwenye somo hili, uamuzi mgumu umeondolewa kwa bosi ukawekwa kwenye saizi ya seli.

Na ona faida yake. Neuroni ndogo zinamiliki vikosi vya nyuzi chache, za taratibu na zisizochoka haraka. Kwa hiyo kusimama, kukaa wima, kushika kalamu, yote hayo yanaendeshwa na wasiochoka, wakali wanaotumia nishati kwa fujo wanakaa benchi mpaka wahitajike. Halafu ukiwa na nguvu ndogo, kila kikosi kinachoongezwa ni kidogo, kwa hiyo unapata vipimo vidogo, yai lako salama. Ukiwa tayari unavuta kwa nguvu kubwa kikosi kikubwa kikiongezwa hata husikii mruko.

Njia ya pili ni kasi ya mipigo. Hapa ndipo ile habari ya ndiyo na hapana inapowachanganya watu, wanasema kama umeme hauna nusu basi uzi unavuta kwa nguvu zote au hauvuti. Si kweli. Umeme ndio usio na nusu, mvuto unayo. Mpigo mmoja wa umeme unaisha ndani ya milisekunde chache, lakini mvuto unaozaliwa na mpigo huo unapanda taratibu na kushuka taratibu, kwenye nyuzi za haraka unafika kileleni baada ya milisekunde kama 40 au 50, kwenye za taratibu ni karibu 100. Kwa hiyo mpigo wa pili unaweza kufika kabla mvuto wa kwanza haujaisha, kalsiamu ya zamani haijarudishwa ghalani, ya mpya inamwagika juu yake, nguvu inajumlishika. Mipigo ikikaribiana vya kutosha mivuto inaungana ikawa mmoja usio na mtetemo, na nguvu yake ni mara kadhaa ya ile ya mpigo mmoja pekee. Adrian na Bronk mwaka 1929 waliweza kusikiliza neuroni moja moja za mwendo kwa sindano ya elektrodi na kuona mtu akiongeza nguvu mipigo inakuwa ya haraka zaidi. Kikosi kikiingia kazini kinaanza na mipigo kama 5 hadi 8 kwa sekunde, kwenye nguvu kubwa ya kushikilia kinapanda hadi 30 au zaidi, na ukifanya kitendo cha ghafla kama kuruka au kurusha, mipigo ya mwanzo kabisa inaweza kupita kasi ya 100 kwa sekunde kwa muda mfupi sana.

Misuli yote haigawi kazi kati ya njia hizi mbili kwa namna moja. Misuli midogo ya mkono inamaliza kuita vikosi vyake vyote ikiwa kwenye nusu hivi ya nguvu yake, kuanzia hapo inategemea kasi ya mipigo tu. Baiseps, msuli wa mbele ya mkono wa juu, inaendelea kuita wapya mpaka asilimia 80 na kitu.

Swali ambalo linabaki, kama kila kikosi kinapiga mara 10 tu kwa sekunde, mbona mkono hautetemeki? Kwa sababu hawapigi pamoja. Huyu anapanda wakati yule anashuka, jumla inatoka laini. Ukichoka, au ukishikilia kitu kizito muda mrefu, mipigo inaanza kwenda pamoja zaidi na ule mtetemo unauona kwa macho.

Sasa hata amri ikiwa ileile kabisa, vikosi vilevile, kasi ileile, nguvu unayopata inategemea msuli uko katika hali gani. Ukiwa umenyooshwa sana, aktini na miosini zinapishana kidogo tu, vichwa vingi havina cha kushika. Ukiwa umefupika sana nyuzinyuzi zinagongana na kuingiliana. Katikati ndiko kuzuri, ndiyo maana kiwiko kina pembe ambayo unajisikia una nguvu na pembe ambazo hujielewi. Kasi nayo, A. V. Hill mwaka 1938 alionyesha kwamba kadiri msuli unavyofupika haraka ndivyo nguvu yake inavyopungua, kwa kifupi vichwa havipati muda wa kushika vya kutosha. Upande wa pili, ukishusha mzigo, msuli ukirefushwa huku unavuta, unaweza kubeba zaidi ya unachoweza kuinua. Mtu anayeshindwa kuinua uzito fulani jimu anaweza kuushusha taratibu bila shida, si miujiza.

Aina ya nyuzi niipitie haraka maana watu wanaipenda kupita kiasi. Ziko za taratibu zisizochoka, za haraka zinazochoka mapema, na za katikati. Wengi wanazichukua kama kitu cha msuli chenyewe, umezaliwa nazo basi. Lakini mwaka 1960 Buller na akina Eccles wawili walichukua paka, wakakata neva ya msuli wa haraka na neva ya msuli wa taratibu, wakazibadilishana. Misuli ikafuata neva. Wa taratibu ukawa wa haraka zaidi, wa haraka ukapunguza mwendo. Maana yake neva haiamrishi tu msuli uvute lini, baada ya muda inauumba pia.

Na bado kuna upande wa pili wa kiungo. Baiseps ikivuta, traiseps, msuli wa nyuma ya mkono wa juu, inatakiwa ilegee, la sivyo zinapigana. Uti wa mgongo wenyewe una seli za kuzuia zinazofanya hivyo, taarifa kutoka kwenye vihisio vya msuli mmoja zinaenda kumnyamazisha mpinzani wake. Umuhimu wa kuzuia unauona vizuri ukiangalia pepopunda. Sumu yake haiwashi misuli, inaondoa breki, inazuia seli za kuzuia zisimwage kemikali zao, na matokeo yake misuli ya pande zote mbili inakaza kwa wakati mmoja, taya inafunga, mgongo unapinda. Wanaojifunza kitu kipya, baiskeli au kuogelea, wanakaza pande zote mbili kwa sababu nyingine, ubongo haujajua bado nani anyamaze, ndiyo maana wanachoka haraka kuliko mtaalamu anayefanya kazi ileile.

Hapo ndipo unaelewa kwa nini mtu akianza mazoezi ya uzito anaongezeka nguvu wiki za kwanza bila mkono kunenepa. Moritani na deVries walipima hilo mwaka 1979, ongezeko la mwanzo lilikuwa zaidi la upande wa neva, unene ukaja kuchangia zaidi baadaye. Vikosi vinaitwa mapema zaidi, mipigo ya mwanzo inakuwa ya kasi, mpinzani anajifunza kulegea. Na kuna hili ambalo wengine hawaamini: ukizoeza mkono mmoja tu, ule usiozoezwa nao unaongezeka nguvu kiasi. Limejulikana tangu 1894, na leo linatumika kwa watu wenye mkono kwenye plasta.

Mambo yanageuka umri ukienda. Neuroni za mwendo zinakufa taratibu, na nyuzi zilizoachwa zinabaki yatima. Neuroni jirani zikiwahi zinachipua matawi mapya na kuzichukua, kwa hiyo vikosi vinabaki vichache lakini vikubwa zaidi, na zile zisizochukuliwa zinasinyaa. Mtu mzee anaweza kuwa na nguvu ya kumtosha lakini vipimo vidogo vinakuwa vigumu, kupitisha uzi kwenye sindano ni kazi, kwa sababu ngazi ndogo kabisa aliyonayo si ndogo tena kama zamani. Kwa walionusurika polio ni vilevile ila kwa ukali zaidi, virusi viliua neuroni nyingi kwa mkupuo, zilizobaki zikabeba nyuzi mara kadhaa ya zile zilizozaliwa nazo, mguu ukarudi kufanya kazi, na miaka mingi baadaye baadhi yao wanaanza kudhoofika upya, maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba hizo neuroni zilizobeba mzigo wa wenzao zinashindwa kuendelea kuyalisha matawi yote.